Faida ni Faida: Juu ya Mwani, Wali na Ndimi za Washairi

Imekuwa ada, kila panapofunguliwa semina ya ujasiriamali, mjini au shamba, kusimama mzungumzaji akasema kwamba mwanamume na mwanamke hawaitazami faida kwa jicho moja. Mwanamume, husema, hufanya biashara ili akue. Mwanamke hufanya biashara ili watoto wale. Mwanamume huthubutu, mwanamke huhadhari. Mwanamume huhesabu mtaji, mwanamke huhesabu midomo. Maneno haya hupigiwa makofi na wote waliomo ukumbini, wanaume kwa kuwa yamewafanya majasiri, wanawake kwa kuwa yamewafanya wema, na mzungumzaji hushuka jukwaani akidhani amesema kweli. Hakusema kweli. Ameeleza fedha zinakokwenda, akadhani ameeleza nyoyo zinavyopenda.

Kwamba tofauti ipo haikanushiki. Waulizwe mume na mke wa nyumba moja juu ya faida ya biashara zao: mume atataja mtaji uliokua, duka lililopanuka, jina lililoanza kutajwa barazani, mke atataja ada ya skuli, bati la jiko, madaftari na viatu vya Idi. Suala si kama majibu yanatofautiana. Suala ni kwa nini. Wanaosema kuwa mmoja ameumbwa na moyo wa kuchuma na mwengine na moyo wa kutunza wameliziba suala kabla halijapita. Jibu liko karibu zaidi, nalo halihitaji elimu ya nyoyo: shilingi ya mwanamume huingia mfukoni ikangoja amri ya mwenyewe, ilhali shilingi ya mwanamke hufika ikiwa imeshapangiwa pa kwenda. Kuutazama mpango huo, kisha kuuita tabia ya kike, ni kumsamehe mdaiwa kwa kumsifu mdai.

Neno ujasiriamali lenyewe ni changa. Wazee waliouza karafuu, mbata na papa mkavu hawakulijua; wao walisema biashara, uchuuzi, udalali, ulanguzi, na kila neno lilikuwa na ladha yake. Neno jipya limeungwa kwa ujasiri na mali, na kwa sarufi halimjui mume wala mke, kama ambavyo Kiswahili chote hakiwabagui: yeye ni yeye, awe amevaa kanzu au buibui. Lakini watumiaji wa lugha wamekifanya kile ambacho sarufi ilikikataa. Mwanamume apikaye wali akauza huitwa mwenye mkahawa. Mwanamke apikaye wali ule ule, kwa mchele ule ule, huitwa mama ntilie. Jina la kazi yake limetokana na amri ya mteja anayemnyooshea sahani. Wanaume watano wakichanga fedha, wameunda kampuni. Wanawake watano wakichanga fedha, wameunda kikundi cha kina mama. Kampuni hutarajiwa kupata faida, na huulizwa ikikosa. Kikundi hutarajiwa kupata mgeni wa heshima, picha ya pamoja na cherehani ya msaada, na hapana anayekiuliza kitu baada ya hapo.

Katika bustani ya Forodhani, jua linapotua, wanaosimama nyuma ya meza za taa wakikaanga, wakichoma na kukamua miwa mbele ya wageni, aghalabu ni wanaume. Hapana mila iliyosimama kuwaambia kwamba jiko si mahali pao. Jiko huwa la mwanamke pale linapokuwa halilipi. Likianza kulipa, tena kwa fedha za kigeni, ghafla huwa ni la yeyote. Itazamwe na kofia ya viua. Kila tundu lake limezungushiwa uzi kwa mkono, na aghalabu mkono huo ni wa mwanamke aliyeketi mkekani kwa wiki nyingi, baina ya kupika na kufua. Kofia ile huishia kichwani mwa mwanamume, na kabla ya kufika huko hupita kwa wachuuzi ambao kila mmoja huongeza kitu juu ya bei. Mshonaji husifiwa subira, mchuuzi husifiwa akili. Subira haina bei, akili inayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote, hata hivyo, umetandazwa ufukweni ukikauka. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu za asili ya Ufilipino, kisha kikaenea vijiji vingine vya Unguja na Pemba. Mwani mkavu huuzwa ng'ambo, na ndani yake hutolewa karajinani, kitu kinachogandisha na kulainisha vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Wakulima wake wamehesabiwa kuwa zaidi ya 20,000, na takriban wanne katika kila watano ni wanawake. Wengi husahau kwamba kazi hii haikuzaliwa ikiwa ya wanawake. Siku za mwanzo wanaume nao walishuka pwani wakapigilia vigingi na kufunga kamba. Wengi wao walipiga hesabu, wakaondoka: bei ya kilo ilikuwa ndogo, kazi ilikuwa nzito, na uvuvi pamoja na utalii uliokuwa ukikua viliwaahidi zaidi. Walipoondoka, kazi ikabadilika jina. Ikawa kazi ya wanawake, na mwanamume aliyebaki na kamba yake ya mwani akawa wa kuchekwa.

Kuondoka kwa wanaume kumeelezwa kuwa ni akili ya biashara, na kubakia kwa wanawake kumeelezwa kuwa ni subira. Hapo ndipo hesabu inapochezewa. Mwanamume aliuliza: mchana huu, lau ungetumika pengine, ungeleta nini? Jibu lilikuwa samaki, ujenzi wa mahoteli, kuwatembeza watalii. Mwanamke aliuliza suala lile lile, na majibu yakawa mengine: ngalawa si yake, kazi ya hoteli ina maneno ya watu, na mtaji wa duka hauna pa kutoka. Mwani, kwa upande wake, ulifuata bamvua, na bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapopevuka. Maji yakikupwa hushuka, yakijaa hupanda, na chungu hakikuchelewa motoni. Kwa hesabu hiyo mwani ulimlipa. Haukumlipa kwa sababu moyo wake huridhika na kidogo. Ulimlipa kwa sababu milango mengine yote ilikuwa imefungwa, na gharama ya kuifungua ilikuwa kubwa kuliko hasara ya bei ndogo. Wote wawili walipima faida kwa mizani moja. Vilivyotofautiana ni vitu vilivyowekwa katika kitanga cha pili.

Wala isisemwe kwamba alichagua njia isiyo na hatari. Mkulima wa mwani husimama majini kwa saa nyingi, mgongo umepinda, chumvi machoni. Kutoka kupanda mpaka kuvuna huenda wiki sita. Mwani mbichi ukikauka hupungua hata kilo saba au zaidi zikawa kilo moja. Upepo mkali hukata kamba, mvua ya ghafla huharibu kilichoanikwa, na siku ya kupima, bei huwa imeshapangwa na mtu aliye mbali. Anayetia nguvu zake leo ili alipwe baada ya wiki sita, kwa bei asiyoipanga, katika bahari asiyoimiliki, ndiye anayeambiwa kuwa hathubutu. Ikiwa huo si uthubutu, basi ujasiri utolewe katika ujasiriamali, libaki neno mali peke yake.

Fedha za mwani zilikwenda wapi? Vijiji vya pwani hujibu vyenyewe: mabati juu ya mapaa yaliyokuwa ya makuti, vitanda, vyombo, sare za skuli. Hayo yameandikwa na kupigwa picha, na yanastahiki. Kisichopigwa picha ni kilichotokea upande wa pili wa nyumba. Katika nyumba nyingi, mke alipoanza kushika fedha, masurufu ya mume yalianza kupungua. Ilianza sukari, ikafuata sabuni, kisha mafuta ya taa, kisha ada ya skuli. Hapana aliyetangaza, hapana aliyeshauriana. Ilitosha kusemwa: "Si unazo wewe?" Basi kile alichochuma mwanamke hakikuongezeka juu ya matunzo yake, bali kilikaa mahali pa matunzo hayo, na mume aliyetuliwa mzigo alibakiwa na kitu mkononi, akakiita mtaji. Mtaji wa wanaume wengi ni sukari ambayo hawakuinunua.

Hapo ndipo anapofika mtafiti na karatasi yake, akauliza kila mmoja amenufaika vipi na biashara. Mume husema biashara imekua, naye anasema kweli. Mke husema watoto wamekula, naye anasema kweli. Mtafiti huandika kwamba wanaume hupenda ukuaji na wanawake hupenda familia. Hakuandika kwamba biashara ya mmoja imekua kwa sababu watoto walilishwa na biashara ya mwengine. Nusu mbili za hesabu moja zimegeuzwa kuwa tabia mbili za viumbe wawili.

Wanaodhani kuwa haya ni malalamiko ya visiwa viwili vidogo na wavuke bahari hii hii mpaka Sri Lanka, kisiwa kingine cha nazi, samaki na biashara ndogo ndogo, ambako jambo hili limepimwa kwa tarakimu. Huko wachumi watatu, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff, waliwagawia kwa kura wenye biashara ndogo ruzuku za rupia 10,000 au 20,000, kisha wakafuatilia faida zao. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 na 2009 yalionyesha kwamba biashara za wanaume ziliongeza faida, na za wanawake, kwa wastani, hazikuongeza kitu. Msomaji wa haraka angefunga kitabu hapo na kusema: basi mzungumzaji wa semina alikuwa na haki, mwanamke hana mkono wa kukuza mali.

Mwaka 2019 wachumi wengine wanne, Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol, walizirudia hesabu zile pamoja na nyengine za India na Ghana, wakauliza suala ambalo halikuwa limeulizwa ipasavyo: nyumbani kwa mwanamke huyu, nani mwengine ana biashara? Jibu lilibadilisha kila kitu. Mwanamke aliyekuwa peke yake mwenye biashara katika nyumba yake alipata faida isiyo nyuma ya ile ya wanaume. Upungufu ulionekana kwa mwanamke ambaye nyumba yake ilikuwa na biashara nyengine, aghalabu ya mume, kwani fedha aliyopewa yeye ilikwenda kutiwa huko. Huenda nyumba nzima ilinufaika kwa hilo. Si jambo la kukataliwa moja kwa moja. Lakini katika daftari mwanamke aliandikwa sifuri, na mume akaandikwa hodari, kwa shilingi moja na ile ile.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya dini na mila, na kwamba anayeyagusa anaingiza ugeni. Hoja hii inastahiki kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa wanaoisema wengi ni watu wa heshima. Lakini dini ambayo wengi wa watu wa visiwa hivi wanaifuata ndiyo inayowahukumu. Bibi Khadija binti Khuwaylid alikuwa mfanyabiashara wa Makka, na alimwajiri Muhammad kusafiri na bidhaa zake kwenda Shamu kabla hajawa mkewe. Aya ya 32 ya Surat An-Nisaa inawapa wanaume fungu katika walichokichuma na wanawake fungu katika walichokichuma. Fiqhi nayo haina utata: mali ya mke ni yake, na matunzo ya mke na watoto ni deni la mume, awe mke ni maskini au tajiri. Akitoa chake kwa hiari, ni ihsani yake. Kugeuza ihsani kuwa wajibu, kisha kuuacha wajibu wa kweli uanguke kimya kimya, si dini wala si mila. Ni uzembe uliovaa kilemba.

Haki inataka pia isemwe kwamba mpango huu unawaumiza wanaume. Aliyefunzwa kwamba faida ni jina hana pa kujificha akipata hasara. Mke akikosa soko husemwa kuwa bahari imeharibika; mume akikosa soko husemwa kuwa yeye ndiye aliyeharibika. Baba anayepeleka kila senti yake nyumbani hapati sifa, kwa kuwa ametimiza tu kilicho juu yake, na akiulizwa faida aliyoipata huona haya kusema kwamba watoto wamekula. Yupo pia kijana anayekaa barazani bila ya kazi, na pwani iko mbele ya macho yake, na mwani anaujua tangu utotoni; ila hashuki, kwa kuwa ameshaambiwa ni kazi ya wanawake. Kicheko kile kile kinachopunguza bei ya jasho la mama yake kinamnyima yeye riziki. Wanaume wanaodhani kwamba wananufaika na mgawanyo huu na wahesabu vizuri: wamepewa sukari ya bure na kufungiwa nusu ya bahari.

Lakini wasemaji wa semina si wakosaji pekee, na ukurasa unaosomwa na wapenzi wa mashairi hauna budi kuwageukia washairi. Kwa muda mrefu sana ushairi wa pwani umempa mwanamke majina mazuri: ua, lulu, hurulaini, tausi. Ulipomwona akifanya kazi ulimpa jina moja tu, mama. Mama auzaye maandazi alfajiri ili mwanawe asome. Mama avukaye maji baridi ili mwanawe ale. Machozi ya mama, mikono ya mama, subira ya mama. Mtunzi aliyesomeshwa kwa maandazi hayo huandika beti zenye vina vilivyotulia na mizani isiyopungua, na ndani yake hamna mahali hata pamoja alipotaja kilo ya unga ilikuwa bei gani, mafuta yalikopwa kwa nani, andazi moja liliacha faida kiasi gani, wala mwenye maandazi alitaka kuifanyia nini faida hiyo lau ingekuwa yake. Huenda alitaka tanuri. Huenda alitaka kibanda cha pili. Mshairi hakumuuliza, alimlilia. Machozi ya mshairi ni ushuru mwengine anaotozwa mama muuza maandazi: ametoa jasho, akatoa faida, sasa ametoa na nia yake, ili shairi lipate mtakatifu.

Yamfikie mshairi huyo habari anayoijua, ila haitazami. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880, alikuwa muuza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Vyungu alivifinyanga mama yake, naye alivichukua akenda kuviuza, akiviita wateja kwa sauti ile ile iliyokuja kuwatuliza wakubwa wa mji. Alihamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri, na santuri zile ziliuzwa pwani nzima. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tangu hapo kila mwandishi humtaja kwa umaskini wake wa mwanzo na sauti yake ya mwisho. Kilicho katikati kimeachwa kidondoke: kwamba yule alikuwa mtu wa soko, aliyejua kupaza sauti pahala pa watu wengi na kusimama mbele ya mnunuzi bila ya kuinamisha kichwa. Biashara haikuwa aibu aliyoikimbia ili aingie katika sanaa. Biashara ilikuwa skuli yake ya kwanza. Lau angekuwa mwanamume, wasifu wake ungeanza hapo, na ungemwita jasiri kabla ya kumwita mwenye kipaji.

Haya yote yangeweza kuachwa kuwa mabishano ya maneno lau bahari ingebaki pale pale. Haikubaki. Maji ya ufukweni yamezidi joto, na tangu miaka ya 2000 aina ya mwani yenye bei kubwa zaidi, kotonii, imekuwa ikifa katika mashamba mengi ya kina kifupi, ikibaki zaidi spinosamu yenye bei ndogo. Dawa inayotajwa ni kupeleka kilimo kwenye kina kirefu, ambako maji ni ya baridi zaidi. Kina kirefu kinataka boti na kinataka kujua kuogelea, na wakulima wengi wa mwani walilelewa wakiambiwa kwamba boti na kuogelea si mambo ya mtoto wa kike. Tangu mwaka 2020 Zanzibar ina wizara ya uchumi wa buluu, na mwani umepanda daraja: unatajwa katika hotuba na mipango, si tena katika ripoti za vikundi peke yake. Basi hatari iko wazi. Ulipokuwa na bei ndogo ulikuwa wa wanawake. Ukipata bei, boti na mikopo, utakuwa wa nani? Forodhani imeshajibu suala hilo kwa upande wa jiko.

Ipo njia nyengine, nayo si ya kubuni. Tangu kuanzishwa kwa mpango wa kongano la mwani mwaka 2006, wanawake wa vijiji kama Kidoti wamekuwa wakisaga mwani na kuutengeneza sabuni, mafuta ya kujipaka na vyakula, badala ya kuuza gunia kavu tu. Tofauti ya kazi hizi mbili haiko katika fedha peke yake. Mwenye gunia la mwani husikiliza bei. Mwenye kipande cha sabuni huitaja. Na mtu anayeitaja bei hupata nafasi ya kufikiri juu ya kesho, kuweka akiba ya malighafi, kuongeza mashine, kuajiri. Yale yanayoitwa macho ya kiume katika biashara ni macho ya mtu yeyote aliyeachiwa kitu cha kukipangia.

Kwa hiyo asiyetaka kuendelea kudanganyana na aache kuwafunza wanawake kuthubutu, kazi waliyoianza kabla ya semina kuzaliwa, na ageukie mambo manne yaliyo mepesi kusema. Boti za kilimo cha kina kirefu ziandikwe kwa majina ya wanaolima, na wanaolima wafunzwe kuogelea. Mizani ya kununulia mwani isomwe na pande zote mbili. Anayemkopesha mwanamke aulize kwanza nani anailisha nyumba ile, kwani mkopo unaoingia katika nyumba iliyoacha masurufu ni mkopo wa masurufu, hata uitwe wa biashara mara mia. Na mume, kabla hajazungumzia mtaji wake barazani, atoe kwanza sukari ndani yake, ndipo aseme umebaki kiasi gani.

Upande wa washairi dai ni moja, dogo zaidi, na pengine zito zaidi. Atakayeandika tena juu ya mwanamke wa mwani na ashuke pwani wakati wa bamvua, aulize kilo inakwenda kwa bei gani, nani ameshika mizani, na mwenye kamba anakusudia kufanya nini na fedha yake akiipata. Akipata majibu, na aone kama yanaingia katika mizani ya nane kwa nane. Yakikataa, na alaumu ubeti, asimlaumu mwanamke.